Fundi Askari na chai ya siku saba

Saa moja kasorobo asubuhi, fundi anasukuma mlango wa chuma, anawasha taa na kutundika tepu ya kupimia shingoni. Anatia cherehani tone la mafuta, anapitisha uzi, anavuta suruali ya kijivu iliyokatwa jana. Kisha anaanza kushona akiwa amesimama.

Cherehani yake iko juu kuliko za mafundi wenzake. Miguu ya meza ameiongezea vipande vya mbao, akavipigilia misumari mpaka cherehani ikamfika tumboni. Mguu mmoja unabonyeza pedali ya mota, wa pili unabeba mwili, na kila baada ya nusu saa anaihamisha pedali upande wa pili ili kuipa miguu zamu. Kwenye kona kuna stuli, lakini imezikwa chini ya vitambaa.

Watu hawamwachi hivihivi. "Fundi, leo pia hawajakubadilishia zamu?" anauliza mpiga rangi wa jirani, akipita na ndoo zake. "Waambie wakulipe posho ya lindo." Mtaa mzima unamwita Fundi Askari, naye huitika bila kinyongo. Akiulizwa kwa nini hakai, ana jibu moja tu.

"Mgongo."

Mgongo wake hauna tatizo lolote. Kinachomuuma ni sehemu ambayo kwa miaka mingi hakuweza kuitaja mbele ya mtu. Hata leo, akiieleza, anatazama kwanza mlangoni, kisha anapunguza sauti.

"Pale katikati," anasema, na mkono wake unaishia kiunoni. "Yaani pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli. Umenielewa? Basi usinifanye nirudie."

Ni ajabu kidogo kwamba aibu imemkamata mtu kama yeye. Ana umri wa miaka arobaini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia kushonea wanaume suruali. Kila siku anapiga goti mbele ya mwanamume asiyemjua, anapitisha tepu kwa ndani ya paja lake, na kuuliza kwa sauti ileile anayoulizia rangi ya vifungo: "Unalaza upande gani, kulia au kushoto?" Wapo wanaocheka, wapo wanaotazama dari. Yeye anaandika kipimo na kuendelea.

Ya wengine aliyaweza. Yake ndiyo yaliyomshinda, na kwa kushindwa kuyasema alimfanyia mke wake jambo ambalo mpaka leo hajui kama litasameheka.

Yalianza miaka saba iliyopita, msimu wa sare za shule. Kwa wiki tatu mfululizo alikaa kwenye stuli saa kumi na nne kwa siku, akinyanyuka kwenda chooni tu. Sare zilipoisha, maumivu yakabaki.

"Nilihisi kama nimekalia kokwa ya embe," anasimulia. "Ukihama upande huu, nayo inahama. Chooni nilikuwa naenda mara kumi na tano kwa siku, nikifika natoa vijiko viwili, tena vinachoma. Na nikikutana na mke wangu, maumivu yananikaa siku mbili. Nikaanza kumkwepa. Nikawa nasema nimechoka."

Kabla hajaoa, akiwa kijana wa mapaja mepesi kama anavyojiita mwenyewe, aliwahi kupata kisonono na akapona kwa sindano. Kwa hiyo mkojo ulipoanza kuchoma hakuhangaika kutafuta jina la ugonjwa. Alijiambia, huyu namfahamu.

Mtaa wa pili kuna muuza dawa ambaye watu humwita daktari. "Digrii yake ni lile koti jeupe," anasema fundi, "na koti lenyewe nilimshonea mimi." Muuza dawa hakumwomba mkojo wala hakumgusa. Alimsikiliza kwa dakika mbili, akamchoma sindano na kumpa vidonge vya siku saba. Maumivu yakapungua, wiki mbili hivi, kisha yakarudi. Naye akarudi dukani. Yakapungua, yakarudi tena.

Mara ya nne muuza dawa aliinama juu ya kaunta.

"Fundi, wewe unatibiwa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Anayekurudishia yuko nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako."

Alimkabidhi pakiti mbili badala ya moja. Hii yako, hii ya mama. Mkitibiwa wote mtapona, akitibiwa mmoja ni kazi bure. Na dozi isikatishwe hata siku moja.

Fundi anakumbuka kwamba alicheka. Aliweka pakiti mfukoni, akaaga, akatembea kwenda nyumbani, na kabla hajafika mlangoni kicheko kilikuwa kimekwisha. Mkewe alikuwa uani akianika nguo, akamsalimia kama kila siku. Yeye akamwona mwanamke mwingine kabisa.

Mbona hakumwambia tu? Swali hilo ameshajiuliza mara nyingi kuliko mtu yeyote.

"Ningemwambia nini?" anasema. "Nikisema naumwa ugonjwa huo, ataniuliza nimeutoa wapi. Nikisema kauleta yeye, ushahidi sina. Nikaona heri apone bila kujua. Nilijiona nina busara. Nilijiona hata mpole."

Mficha uchi hazai, wanasema waliotutangulia. Huyu aliuficha wake, akaenda kuuvisha mwenziwe.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya mkewe. Alisaga vidonge kwa kitako cha mkasi wake mkubwa, juu ya karatasi ya kukatia ramani za nguo. Akachemsha chai, akaitia tangawizi nyingi na sukari vijiko vinne ili kuua uchungu, akamimina unga wa dawa na kukoroga. Kisha akampelekea mkewe kitandani.

Katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi hata kuwasha jiko. Mkewe alikaa kitako kitandani, akakishika kikombe kwa mikono miwili na kumwangalia. "Baba mtoto, leo jua limetokea wapi?" alimuuliza. Siku ya pili alimweleza jirani kupitia ukutani. Siku ya tatu alimpigia simu dada yake, na fundi, aliyekuwa akipiga pasi sebuleni, alisikia kila neno: mume wangu ananipikia chai.

"Ilikuwa chungu," anasema fundi. "Nilimwona anavyokunja uso. Anasema, tangawizi imezidi leo, halafu anamaliza kikombe chote. Anamaliza ili asinivunje moyo."

Hapo anashika suruali ya kijivu, anaigeuza ndani nje, anaikagua mishono ambayo haina kasoro.

Siku ya nne mkewe alianza kutapika. Siku ya tano hakuweza kuvumilia harufu ya mafuta ya kupikia. Siku ya sita aliingia kibandani mchana, jambo ambalo si kawaida yake, akasimama karibu na meza ya kukatia huku akitabasamu peke yake.

Wana binti mmoja, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane. Mtoto wa pili walikuwa wakimtafuta kwa miaka mitano, mpaka ndugu na majirani wakaacha kuuliza.

"Baba mtoto," mkewe alimwambia, "nafikiri Mungu ametukumbuka."

Fundi alijua kinachomtapisha. Alijua na hesabu yake: ilikuwa imebaki asubuhi moja na kikombe kimoja. Angeweza kusema. Angeweza hata kumwaga tu ile dawa na kunyamaza. Asubuhi ya saba alipika chai kama kawaida.

"Muuza dawa aliniambia nisikatishe dozi," anasema. "Nikamtii muuza dawa nikamwacha niliyemuoa."

Wiki hiyohiyo mkewe alileta kitambaa cha buluu chenye maua madogo meupe. Alikuwa amekinunua kwa akiba yake. "Nishonee gauni," alisema, "uniachie nafasi mbele." Fundi akampima kiuno, akaongeza inchi sita, akaweka marinda chini ya kifua. Alilishona siku moja, na anakiri lilikuwa zuri. Siku tisa baadaye mkewe aliona damu. Alilikunja lile gauni akalia, na mumewe akakaa pembeni yake akimpapasa bega.

"Nikamwambia, usijali, tutapata mwingine. Mwingine! Wakati huyo wa kwanza nilimtengeneza mimi kwa vidonge." Fundi anafuta uso kwa kiganja. "Mimi ni mtu mzima hovyo. Andika hivyo."

Hata hiyo dozi ya wawili haikusaidia kitu. Kokwa ilirudi mahali pake ndani ya wiki tatu. Mtu mwenye akili zake angeanza kuishuku dawa. Fundi aliendelea kumshuku mke. Alijiambia kwamba mkewe alipona, kisha akarudi kulekule alikotoka.

Moyo ulipomjaa alikwenda kwa kaka yake mkubwa. Ugonjwa hakuutaja, aibu ilimkaba. Alisema tu kwamba ana sababu za kuamini mkewe si mwaminifu. Kaka akatikisa kichwa, akaahidi kuitunza siri hiyo, na kabla ya mwisho wa mwezi dada zao wote watatu walikuwa wanayo.

Mkewe hakuambiwa kitu. Aliona tu mambo yamebadilika. Mawifi waliokuwa wakimpigia simu waliacha. Kwenye shughuli za familia alikuta kazi zimeshagawanywa na yeye hana kazi. Mama mkwe alipougua, alikwenda kumwogesha kama alivyozoea, wifi mkubwa akampokonya beseni.

"Wewe kaa tu," alimwambia mbele ya watu. "Mikono yako tunaijua."

Alimuuliza mumewe usiku huo maana yake ni nini. Mumewe akamjibu kwamba dada yake ana hasira za uchovu.

Kazi nayo ilikuwa ikimponyoka. Fundi aliyekuwa akimaliza suruali saba kwa siku akashuka hadi tatu. Kila fedha aliyoshika ilipita kwa muuza dawa; kwa hesabu zake, miaka minne ilimeza thamani ya cherehani mbili mpya. Kazi ya sare za shule aliiacha, kwa kuwa asingeweza tena kukaa. Hapo ndipo alipoipandisha meza na kuanza kushona wima, na jina la Askari likazaliwa.

Aliyemfumbua macho alikuwa mteja. Mwaka juzi mwanamume mmoja mwenye kipara alileta koti jeupe lipunguzwe mikono. Akiwa anasubiri, alimtazama fundi akishona amesimama, kisha akamwona akishusha nusu ya kalio moja kwenye ukingo wa meza ili atie vifungo.

"Fundi, haya maumivu yana muda gani?"

"Ya mgongo? Aaa, miaka mingi tu."

"Sikuuliza ya mgongo," alisema yule mteja, na akaacha kadi yake mezani. Alikuwa daktari wa magonjwa ya njia ya mkojo katika hospitali kubwa ya mjini.

Fundi aliificha kadi ndani ya kopo la vifungo kwa miezi minne. Siku aliyopiga moyo konde na kwenda, alikuta benchi refu lenye nafasi tele, na wanaume sita wamesimama wameegemea ukuta. Mzee aliyekuwa jirani yake alimnong'oneza, "Na wewe mgongo?" Fundi akajibu, "Mgongo." Wakatazamana, wakacheka mpaka muuguzi akawanyamazisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuucheka ugonjwa huo.

Ndani hapakuwa na kicheko. Daktari alimuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza: yanauma wapi hasa, yanazidi ukikaa au ukitembea, mkojo unakatika, tendo la ndoa likoje, homa imewahi kukupata, damu je, unalala vizuri? Akampa kikopo atoe mkojo. Kisha akamwambia avue, alale ubavu na akunje magoti kifuani, akavaa glovu.

"Nilifumba macho nikahesabu mishono ya suruali ya kufikirika," anasema fundi. "Nilitaka sakafu ifunguke."

Kidole cha daktari kilipobonyeza tezi dume, maumivu yalikuwa madogo. Kiliposogea pembeni na kubonyeza msuli, fundi aliruka na kupiga kelele: "Hapohapo!" Halafu akalia. Kwa miaka sita alikuwa hajawahi kumwonyesha mtu mahali pale, na sasa mtu alikuwa amepapata.

Baada ya hapo alitoa mkojo kwenye kikopo cha pili, ili maabara ilinganishe uliotoka kabla na baada ya tezi kubonyezwa. Akiwa anavaa, daktari akauliza dawa alizowahi kutumia. Akazitaja. "Na mkeo aliwahi kutibiwa?"

"Hapana," alisema. Kisha, akiwa bado anafunga mkanda na uso wake umeelekea ukutani, akasema yote: pakiti ya pili, mkasi, tangawizi, siku saba. Anasema hakuwa akizungumza na daktari. Alikuwa akizungumza na ukuta.

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Vikopo vyote viwili havikuwa na vijidudu. Vipimo vya magonjwa ya zinaa navyo vilikuwa safi.

"Wanaume wengi wanaofika kwangu wameshameza dozi nne au tano, na hakuna aliyewaomba hata mkojo," anasema daktari huyo, ambaye fundi alimruhusu kuzungumza. "Wapo wenye vijidudu kwenye tezi, na hao dawa sahihi huwasaidia. Anayepata homa na baridi kali au anayeshindwa kukojoa aje siku hiyohiyo, asingoje. Lakini wengi wenye maumivu ya miezi na miaka hatuoni kijidudu chochote. Misuli ya chini ya nyonga imekaza kama ngumi iliyosahau kufunguka. Kukaa sana, hofu, msongo wa mawazo, vyote vinachangia. Si kitu ulichopewa na mkeo."

Neno hilo la mwisho fundi alilisikia akiwa ameketi nusu kalio mbele ya meza ya daktari, na anasema lilimuuma kuliko kidole. Daktari hakumbembeleza.

"Umempa mtu dawa bila yeye kujua," alimwambia. "Mwili wake ungeikataa, ungemzika. Angekuwa kweli mjamzito, ungefanya nini? Misuli nitakusaidia. Hilo lingine sina dawa yake. Nenda kaongee naye."

Ilimchukua miezi kumi.

Katika miezi hiyo matibabu yaliendelea. Alipewa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo na miadi kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyemfundisha kupumua kwa tumbo na kuiachia misuli ambayo hakujua kama anaibana. Alimwamuru atembee nusu saa kila jioni, na akae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Alimtaka pia ayape maumivu alama kila siku, kuanzia sifuri hadi kumi. Fundi alianza na nane. Kufikia mwezi wa tano alikuwa anaandika tatu, na siku nyingine mbili na nusu, kwani fundi nguo hawezi kuacha nusu.

Ila beseni ndilo lililomtesa. Maji alikuwa akichemshiwa na mkewe. Kila jioni alimjia na birika, akamimina, akachovya kiwiko na kuuliza, "Si ya moto sana, baba mtoto? Mgongo unaendeleaje?"

"Ananihudumia na mimi nimemsengenya kwa ukoo mzima," anasema fundi. "Nilikuwa naona haya hata kumwangalia usoni. Nilikuwa nasema, maji yako sawa, naangalia miguu yangu."

Mtaalamu wa viungo aligundua kabla ya kuambiwa. "Baba, ukipumua unalegea vizuri," alimwambia siku moja. "Nikikuuliza habari za nyumbani unakaza tena. Kuna kitu umekibana, na si msuli."

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi mchana, binti yao akiwa kwa shangazi yake, fundi alimkuta mkewe chumbani akikunja nguo zilizokauka. Akasimama karibu na kabati na kumweleza kila kitu, tangu kokwa mpaka kwa kaka. Mkewe aliendelea kukunja.

"Kwa hiyo ile chai ndiyo hiyo," alisema mwishowe.

"Ndiyo hiyo."

"Siku zote saba?"

"Zote."

"Na gauni ulilishona ukijua?"

"Nilijua."

Alimaliza nguo za mtoto, akamaliza za mume, akazipanga kabatini. Zake akazitia kwenye begi. "Nilimwambia dada yangu kwamba nimepata mume," alisema, akatoka.

Alikaa kwa dada yake siku nne. Aliporudi Jumatano, mumewe alikimbilia kumpokea begi, naye akalivuta. "Sikurudi kwako," alimwambia. "Nimerudi kwangu. Mtoto ana mitihani."

Tangu hapo anajipikia chai mwenyewe, na kikombe anakishika mkononi mpaka akimalize.

Siku ya mazungumzo ya mwisho na gazeti hili, mke mwenyewe anafika kibandani. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, anayefanya kazi ya usafi katika ofisi moja jirani. Mumewe anataka kumwondolea vitambaa kwenye stuli ili akae, lakini yeye anamwonyesha kwa kidole aendelee na kazi yake.

"Nimekubali iandikwe," anasema. "Ila usije ukaandika kwamba aliniwekea dawa kwa mapenzi. Nimemsikia akijaribu kusema hivyo. Aliniwekea kwa sababu aliona aibu yake ni kubwa kuliko mwili wangu."

Fundi ameinamisha kichwa.

"Na uandike kwamba nilikwenda kupimwa," anaongeza. "Peke yangu, wiki iliyopita. Sina ugonjwa. Sikuwahi kuwa nao."

Kuhusu kusamehe, hataki kuulizwa. Anasema ameolewa miaka kumi na sita na miaka hiyo haijengwi ikabomolewa kwa kikombe, lakini pia kikombe hakioshwi kikasahaulika. Alichokidai ni kimoja. Mumewe alimchafua mbele ya ukoo, basi akamsafishe mbele ya ukoo huohuo, kwa mdomo wake mwenyewe, na jina la ugonjwa alitaje.

Anaondoka kurudi kazini bila kumuaga mumewe. Fundi anamsindikiza kwa macho mpaka anapokata kona.

Wiki iliyopita, anasimulia fundi, dereva mmoja wa teksi alileta suruali mbili mpya. "Fundi, nilegezee hapa chini," alisema, huku amesimama ilhali kiti cha wateja ki wazi. Fundi akamuuliza anaumwa nini. Mgongo, akajibiwa. "Hata mimi nilikuwa na mgongo huo," fundi akamwambia, akapitisha tepu kwenye paja lake na kumwandikia jina la hospitali upande wa nyuma wa risiti. Amewahi kuwaambia wanne sasa. Wawili wamekwenda.

"Nawaambia jambo moja," anasema. "Kapimwe kwanza, ndipo umnyooshee mtu kidole. Sisemi zaidi. Sijaweza kusema zaidi."

Jumapili hii ataweza, au atashindwa mbele ya watu. Kaka yake ameitisha ndugu wote nyumbani kwake saa tisa alasiri, akidhani mdogo wake anataka kutangaza talaka. Dada zake watatu watakuwepo. Mke naye amesema atakuwepo, atakaa mlangoni, na mumewe akiruka neno atamkumbusha.

Fundi ameshaanza kujifunza maneno yake. Anayasema akiwa peke yake kibandani, cherehani ikinguruma ili majirani wasisikie, na kila akifika kwenye tezi dume anarudi mwanzo. Jana, anasema, alifika mpaka kwenye chai.

Anachotumaini apate siku hiyo hakihusu maumivu. "Sitaki anisamehe pale," anasema. "Nataka dada yangu mkubwa anyanyuke, amwendee mke wangu, amshike ile mikono aliyoisema, amwombe radhi. Nikiona hivyo nitajua nimesema vizuri. Mimi zamu yangu ya kuomba itafika nyuma yao wote. Au haitafika. Lakini yeye atatoka mle ndani akiwa msafi."